Baiskeli Niliyokwenda Kuichoma Moto

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, na asifiwe na wewe uliyesimama pale mlangoni unaogopa kuingia. Mimi nakujua. Hata mimi nilisimama hapo hapo.

Nilitoka Mpanda. Treni mpaka Tabora, kisha basi: Singida, Babati, Arusha, Moshi. Safari nzima sikulala. Wenzangu walikoroma midomo wazi, lakini mimi kila gari lilipoanza kushuka mteremko nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili na kukanyaga sakafu kama vile breki iko chini ya mguu wangu. Dada mmoja wa pembeni akaniuliza, "Kaka, wewe ni dereva?" Nikasema hapana. "Basi mwachie mwenyewe aendeshe." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, huku jasho linatiririka mgongoni.

Hofu ile ilianza nikiwa mtoto. Baba yangu alilima kahawa na migomba huko juu mlimani, na alikuwa na baiskeli kubwa nyeusi, yenye keria ya chuma. Ndugu zangu, niliipenda baiskeli ile kuliko chakula! Nilijifunza kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, maana bomba la juu lilinifika kifuani. Siku za soko baba alinipakia mbele yake, mikungu nyuma, tukashuka mjini. Upepo wa asubuhi, harufu ya maua ya kahawa, migomba ikikimbia huku na huku, na mimi ndiye mpiga kengele. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Siku moja breki ilikatika. Tulikuwa tunakaribia kona ya mfereji, pale penye jiwe kubwa. Baba akapiga kelele, "Ruka!" kisha akanisukuma kwa goti. Niliangukia kwenye kahawa. Yeye akaenda kugonga lile jiwe. Tulimzika kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Hakuna aliyekosea. Chuma kilikatika, basi. Lakini tangu siku ile sikupanda tena baiskeli, na kila mteremko ukawa kaburi langu.

Nilipomaliza kidato cha nne nikakimbilia nchi isiyo na mlima. Tabora, Kaliua, Mpanda. Nami nilikuwa nimesahau jambo moja: huko kila mtu yuko juu ya baiskeli! Mama na watoto wake, mzee na mbuzi wake, bibi harusi na shela lake. Mimi peke yangu natembea kwa miguu. Waliniita Mangi, kama wanavyotuita Wachagga wote. "Mangi, hela zote hizo umekosa baiskeli?" Nikisema sijui kuendesha, wanataka kunifundisha. Wakishikilia sana, nahama mji. Ndivyo nilivyoishi miaka zaidi ya ishirini, nahamahama kama mtu anayefukuzwa. Na bado nilikuwa nasimama karibu na mafundi wa baiskeli ili nisikie tu ile harufu ya grisi na mpira. Mapenzi hayakufa, ndugu zangu. Hofu iliyakalia.

Mama akanipigia simu. Akasema, "Mwanangu, usije kunizika. Njoo tuishi."

Nikaja. Lakini kuishi juu kulinishinda! Kupanda sikuogopa, kushuka ndiko kulikonitesa. Nikapanga chumba Pasua, huku chini mjini, kwa Mama Zuhura, mama wa Kiislamu mwenye moyo mkubwa. Nikienda kumwona mama, wakati wa kurudi nilishuka nimeshikilia miti ya kahawa kama mlevi, na nikifika kwenye ile kona nilikaa chini nikajivuta kwa makalio. Mtu mzima! Mwanzo nilimwona mama kila wiki. Baadaye kila mwezi. Mwishowe nikawa nauangalia mlima tu kutoka uani kwa Mama Zuhura, na najua mama yangu yuko kule juu anazeeka peke yake.

Nikaja hapa kwenye maombi. Mliniombea, Mungu awabariki. Ndugu kiongozi akaniuliza kama ile baiskeli ingali nyumbani. Nikasema ipo, imefunikwa gunia kwenye stoo ya kahawa. Akaniambia niilete Jumamosi, siku ambayo watu wangeleta hirizi na vitu vingine vinavyowafunga vichomwe moto. Nilikubali. Mtu aliyefungwa muda mrefu hachagui funguo.

Nikampigia mama, nikamweleza. Akasema, "Njoo uichukue."

Jumamosi asubuhi nikaikuta uani imeoshwa inang'aa. Magurudumu yamejazwa upepo. Breki mpya, mbele na nyuma. Mama alikuwa amemwita fundi.

"Mama," nikasema, "unatengenezaje kitu cha kwenda kuchomwa?"

"Mgeni akitoka kwangu anatoka ameoga," akajibu.

Akaenda kwenye mpaka wa kihamba, akakata jani la isale, akalifunga kwenye usukani. Kwa wasiolijua, sisi mlimani mtu aliyekukosea akikuletea isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi. Hata kama alimwaga damu, halikataliwi. Najua wapo watakaosema hiyo ni mila. Mimi nasema nilichokiona.

"Mgeni huyu amekuomba msamaha," mama akasema. "Mjibu kwanza. Ukishamjibu, kachome."

Nikashuka naisukuma, breki nimezibana mpaka vidole vinauma. Nyuma yangu walikuwa wanakuja akina mama wa sokoni na vikapu vya ndizi vichwani.

"Baba, hiyo inakubeba au unaibeba?"

"Mwacheni, inaumwa. Anaipeleka Mawenzi, hospitali!"

Walicheka mpaka vikapu vikataka kudondoka. Mmoja wao, bibi mfupi, akaliona lile jani. Nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia kisha akauliza, "Nani amekukosea?"

Nikasema, "Hii baiskeli. Ilimwua baba yangu."

Kicheko kikakatika pale pale. Yule bibi akanitazama, akaitazama baiskeli. "Na umeshalipokea hilo isale?"

Kona ya mfereji ilikuwa hapo chini, jiwe naliona. Ndugu zangu, mwili wote ulitetemeka, meno yanagongana kwenye jua! Ningeweza kwenda kuichoma ikiwa imekuja na isale? Ningeweza kurudi juu nimwambie mama nimelikataa? Huku hakuna njia, na huku hakuna njia. Nikasema, "Bwana Yesu, mimi ninakufa leo. Nishike." Nikapitisha mguu.

Akina mama wakapiga kelele, "Jamani, mpisheni!"

Sikumbuki maombi mazuri. Nilipiga kelele jina la Yesu kama mtu anayezama. Baiskeli ikashika mwendo, mawe yanaruka, jiwe linakuja, linakuja, nami namwona baba! Nikabana breki. Zikashika! Nikasimama, mguu mmoja chini, jiwe nikiligusa kwa mkono. Lilikuwa jiwe tu. Lilikuwa na kuvu, na mjusi.

Nikalia pale mpaka akina mama wakanifikia. Hawakunitania tena. Yule bibi akasema, "Endelea basi, soko halikusubiri." Nikaendelea. Ule upepo, ndugu zangu! Ule upepo wa utotoni ulikuwa unanisubiri miaka yote hiyo. Nikapiga kengele mpaka mjini.

Wapo hapa walioniona nikiingia. Moto ulikuwa umeshawaka. Ndugu kiongozi akanyoosha kidole, "Iweke hapo." Nikamwambia, "Ndugu, siwezi. Tumeshapatana." Wengine walinung'unika. Yeye akasema, "Basi tuonyeshe." Nikazunguka uwanja naendesha, nalia, nanyoosha mkono mmoja juu, na wimbo ukaanza wenyewe. Haleluya!

Usidhani hofu imekwisha yote. Mpaka leo inakuja nikikaribia mteremko. Lakini haishiki usukani tena. Kama nawe kuna barabara unayoizunguka miaka yote, mwite Bwana ukiwa juu ya mteremko huo huo, unatetemeka hivyo hivyo. Alinishika mimi.

Siku niliyoondoka Pasua moja kwa moja, godoro nililifunga kwenye keria. Mama Zuhura akapokea ufunguo wake, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Nenda kamtunze mama," akasema. "Lakini ukishuka, pita unisalimie."

Nikamwambia, "Nitapita. Siku ya soko nitashuka."

Nikaanza kupanda mlima. Kwenye kona ya mfereji niliteremka nikasukuma, na mara hii ni kwa sababu ya mlima na godoro tu. Mama alikuwa amesimama kwenye mpaka wa kihamba, penye masale. Nikampigia kengele.