Friji Tatu Chumbani kwa Bi Mwatima

Baraza yetu iko Sokomuhogo, mbele ya nyumba ya Kadhi, na kila baada ya sala ya alasiri Shaame muuza kahawa huja na buli lake akatukuta tushakaa. Kadhi jina lake khasa Abdulwahid. Hajawahi kuhukumu hata kesi ya kuku, alikuwa karani tu mpaka alipostaafu, lakini hakuna jambo linalopita mtaani asilitolee hukumu. Pembeni yake hukaa Suhail, tunayemwita Dubai kwa sababu alikwenda huko wiki tatu kumuuguza ami yake, na mpaka leo roho yake haijarudi. Wa tatu ni Simai Waya, fundi umeme, mtu asiyesema mpaka aguswe. Mimi hukaa mwisho, karibu na Shaame, kazi yangu kusikiliza.

Siku hiyo wote watatu walikuwa na furaha na haya kidogo. Asubuhi walikuwa wamepelekewa mifuko ya msaada, mchele na unga na mafuta na sukari, kutoka Jumuiya ya Jirani Mwema, inayosaidia familia zisizojiweza. Aliyekosa alikuwa Bi Mwatima, mjane wa chumba cha chini nyumba ya pili. Kwao Kiwengwa. Alikuwa akilima mwani mpaka maji ya pwani yakawa moto na mwani ukawa unaoza kambani, ndipo akaja mjini na wajukuu zake watatu, akawa anauza bajia mlangoni.

Sababu ya kukosa kwake tulikuwa tunaijua sote. Habari zilikuwa zimevuja kwamba jumuiya haitoi msaada kwenye nyumba yenye friji. Kadhi, Dubai na Waya wakatafuta pa kuzificha zao, na chumba chenye nafasi mtaa mzima kilikuwa cha Bi Mwatima, kwa vile hakikuwa na kitu. Hakuweza kuwakatalia majirani. Wakaguzi walipopita, kwa Kadhi walikuta jamvi na mswala. Kwa Dubai walikuta msumari ukutani. Kwa Bi Mwatima walikuta friji tatu zinanguruma, wakamwambia, bibi, wewe unajiweza. Na friji zilikuwa bado ziko kwake, kwa sababu jumuiya ilisema itarudi kukagua bila ya kupiga hodi.

— Kosa lake mwenyewe, Kadhi alianza, huku akipuliza kahawa. Angewaambia, si zangu hizi, ni amana.

— Kawaambia, alisema Waya. Wakamuuliza, amana ya nani. Akanyamaza.

— Kwa nini akanyamaza?

— Kwa ajili yetu.

Kadhi alikunywa fundo moja, akafikiri.

— Basi kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yeye katoa nafasi, sisi tumetoa friji. Kila mtu katoa. Sioni aliyedhulumiwa.

— Nyinyi hamjui mambo haya, akaingia Dubai. Yule kijana mkaguzi alikuwa kashika kibao kama simu kubwa. Mmekiona? Kile kinanusa. Mimi nlikiona kule kwa macho yangu. Unapita nacho mlangoni, kinakwambia watu wa humu wamekunywa maji ya baridi lini.

— Maji hayana harufu, yakhe.

— Baridi ina harufu, Waya. Wewe fundi umeme gani?

— Kingekuwa kinanusa, kingekunusa wewe kwanza. Nyumba yako yote ilikuwa inanuka juisi ya embe.

Shaame alicheka, akamwaga kahawa kidogo kwenye kidole chake. Dubai hakutetereka.

— Haya, tuseme hakinusi. Juu je? Kuna setilaiti. Nyumba yenye friji paa lake linakuwa na joto jengine. Wao wako ofisini kwao wanatazama tu: hapa friji, hapa hakuna.

— Bi Mwatima anakaa chini. Juu yake kuna ghorofa mbili na watu wanaoanika nguo.

— Setilaiti haijali ghorofa. Ndo wahenga wakasema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hiyo inahusu nini? aliuliza Shaame.

— Inahusu setilaiti.

Hapo Waya aliweka kikombe chini.

— Sikilizeni. Tukazitoe usiku wa leo, kila mtu na yake.

— Halafu wakirudi kukagua? Kadhi akamuuliza. Mfuko wa mwezi ujao utauona? Usiache mbachao kwa msala upitao, Simai.

— Mbacha ndo upi hapo? Friji au mfuko?

— Vyote viwili mbacha. Msala ni huo wasiwasi wako.

Dubai akaja na shauri lake. Bi Mwatima agandishe ubuyu na ukwaju, awauzie watoto wa skuli, kwa hivyo atatajirika kweli na maneno ya wakaguzi hayatakuwa uongo. Wao watamkodisha tu hizo friji, kwa bei ya ujirani. Kadhi alitikisa kichwa. Alikuwa na hukumu kubwa zaidi, na tuliiona inakuja kwa namna alivyoikaza kofia yake.

— Hamuoni mbali. Jumuiya ni watu wa dini, na wamesema Bi Mwatima anajiweza. Sisi wamesema hatujiwezi. Si ndivyo? Sasa mwenye kujiweza anapaswa nini? Zaka. Na zaka inakwenda kwa nani? Kwa asiyejiweza. Kwa haki, Bi Mwatima anatakiwa atutolee sisi.

Hata Dubai aliona hapo Kadhi kapita mpaka. Tulipogeuka tukamuona Bi Mwatima mwenyewe kasimama, kajifunga kanga, mikono ina unga wa bajia.

— Assalam alaykum.

— Waalaykum salaam, Bi Mwatima. Karibu.

— Nshakaribia. Hiyo zaka nimeisikia, Bwana Abdulwahid. Sijui itatoka kwenye unga huu au kwenye mafuta.

Kadhi akatazama ndani ya kikombe chake.

— Nimekuja kwa vile vitu vyenu, akaendelea, bila ya kupandisha sauti. Watoto wanalala ukumbini, na ule mlango wa nje haufungi. Jana mdogo kaamka kalowa mvua. Umeme nnaotia hauniwashii taa tena, unakwenda kwenye friji. Nakaanga bajia kutwa, nalisha friji.

— Subira, Bi Mwatima, alisema Kadhi. Subira huvuta kheri.

— Subira nnayo. Nafasi ndo sina.

— Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, alisema Dubai. Na wewe umetufaa, wallahi hatukusahau.

Bi Mwatima alijipangusa unga kwenye kanga.

— Na dhiki yangu mimi, Suhail, nani atanifaa?

Waya alikuwa anataka kusema kitu. Nilimuona anafungua mdomo. Lakini kwenye kona ukatokea mkokoteni na mahamali wawili, na mbele yao msichana wa jumuiya, Nasima, na mifuko michache iliyobaki ya nyumba za nyuma. Akatuamkia, Shikamooni, tukaitikia, Marahaba, na wenzangu watatu wakakaa wima kama watu wasiojiweza.

Bi Mwatima hakumsemesha Nasima. Aliwaendea mahamali.

— Wanangu, nisaidieni. Nitoleeni mizigo chumbani mwangu, ntakupeni bajia za moto.

Wakaingia. Ikatoka friji nyeupe, ikatoka ya kijivu, ikatoka kubwa ya milango miwili. Zikapangwa njiani mbele ya baraza, na wapita njia wakawa wanapita ubavu. Nasima alisimama katikati ya friji hizo.

— Bi Mwatima, unahama?

— Sihami. Nataka kulaza watoto.

— Na hizi friji zako unazipeleka wapi?

— Mimi sina friji, mwanangu. Sijawahi kuwa nayo. Hizi zilikuja kwangu kujificha.

— Za nani?

— Wenyewe wanazijua.

Nasima akaingia chumbani, akatoka. Hakukaa sana, kwani hakukuwa na cha kutazama: mkeka uliokunjwa, jiko la mkaa, sufuria mbili na nguo za watoto kwenye kamba. Akautoa mfuko mmoja mkokotenini kwa mikono yake mwenyewe, akauweka kizingitini. Kisha akatugeukia.

— Friji hizi za nani?

Kahawa ilikuwa imepoa mikononi mwetu. Mwisho Waya akasimama.

— Ile nyeupe yangu.

Alikwenda kwake, akarudi na mfuko wake wa asubuhi, haujafunguliwa hata kamba, akauweka juu ya ule wa Nasima.

— Niwie radhi, Bi Mwatima.

— Nshakuwia, Simai. Ila mlango wangu uangalie, wewe si fundi?

— Kesho asubuhi, inshallah.

Yeye na hamali mmoja wakaibeba friji nyeupe, wakapotea nayo kwenye kona. Zikabaki mbili. Nasima alingoja.

— Basi. Jumuiya inapokea vitu pia. Hizi zisizo na mwenyewe tutazipakia, tutapata wenye haja nazo.

— Mali iliyookotwa ina hukumu yake, alisema Kadhi taratibu. Inatangazwa mwaka mzima kwanza.

— Sawa, sheikh. Utaitangaza wewe? Useme ni ya aina gani, na imeokotwa wapi?

Kadhi akarekebisha kofia.

Hamali aliporudi wakaanza kupakia. Ya kijivu ilipanda, na Kadhi aliitazama ikipanda kama mtu anayesindikiza jeneza la asiyemjua. Bi Mwatima alikuwa kashaingia ndani, tunamsikia anafagia na kuwaambia wajukuu watandike mkeka pale pale walipokuwa wakilala zamani. Zamu ikawa ya ile kubwa ya milango miwili. Mahamali wakaiinamisha, na Dubai akaruka kutoka barazani.

— Taratibu, taratibu. Shikeni mlango wa chini, huo unafunguka wenyewe.

Mahamali wakasimama na friji mikononi. Nasima alimgeukia kwa upole kabisa.

— Umejuaje, kaka?

Dubai akamtazama Kadhi. Kadhi akamgeukia Shaame, akanyoosha kikombe. Shaame aliliinamisha buli mpaka mwisho, yakatoka machicha matupu.