Griffins Kioko Mulwa na Nyasi za Mbaraki

Mume wangu hakumwaga maji ya chumvi juu ya nyasi za mtu yeyote. Maneno kwamba aliyamwaga yamezunguka Mbaraki tangu mwaka 2011. Nimeanza nayo ili tumzike bila kunong'onezana.

Marehemu Griffins Kioko Mulwa alizaliwa Tawa, Mbooni, tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Mulwa na Mama Ndinda. Alisoma huko huko hadi darasa la saba, mwaka 1972, baba yake alipofariki.

Mwaka 1979 aliajiriwa kutunza bustani ya ofisi moja Mbaraki. Alipanda ukoka wa pwani, nyasi zinazostahimili joto na chumvi ya bahari. Wakati wa masika aliuacha urefuke kidogo, na hakukata nyasi zilizolowa. Mvua ikikatika alivua viatu na kuzunguka uwanja mzima, akitafuta kwa nyayo mahali maji yalipotuama.

Mwaka 2011 meneja mpya aliamuru ukoka ung'olewe, zipandwe nyasi laini za bara, zikatwe fupi kila Ijumaa hata mvua ikinyesha. Marehemu alimwonya kwa barua kwamba zitaoza. Kufikia Julai nyasi zilikuwa zimeoza. Ikasemwa amezichoma kwa chumvi kwa kunyimwa cheo, akaachishwa kazi.

Baadaye alitunza nyua za Mji wa Kale. Bi Maisara wa Kibokoni alimwita apande nyasi. Marehemu akaketi uani hadi adhuhuri, akitazama jua.

"Baba Mutanu, umekuja kupanda ama kupunga upepo?"

"Bibi, jua hapa halikai hata saa moja. Nyasi zitakufa, kisha unilaumu mimi. Weka mitungi, nikupandie majani mapana ya kivulini."

"Fundi gani huyu, aitwa kazini aikataa!"

Mitungi hiyo ipo hadi leo.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, mimi nikiwa mwalimu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Mwezi uliopita meneja yule alikuja nyumbani. Alikiri mbele yangu kwamba barua aliisoma akaichana, na uvumi aliuanzisha yeye kujinusuru. Marehemu alimsikiliza hadi mwisho.

"Yameisha, bwana. Mama Mutanu, mwandalie mgeni chai."

Nilimwandalia.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 11 Mei 2025. Ameacha mjane, mimi Mwalimu Everlyne. Watoto, Mutanu na Jeremy. Na wajukuu wanne. Mungu ampumzishe kwa amani.

Wengi wameniuliza jina la mgeni yule. Mume wangu hakulitaja kwa mtu. Nami silitaji.