Perege wa Siku Arobaini

—Bisheni! alisema Hashimu, akakigonga kikombe chake kwenye benchi mpaka kahawa ikamrukia vidoleni. —Bisheni sasa hivi, kisha mchungulie dirishani mwone haya. Nani mwingine Kibiti hii, toka stendi mpaka njia ya Ruaruke, analala chumba kimoja na samaki mzima anayeogelea?

Hakuna aliyebisha, na hilo ndilo lililomuudhi. Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa chumba alichopanga, kando ya barabara kuu, na dirisha la chumba hicho lilikaa juu kidogo ya vichwa vya wanywaji. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, sabuni za kila rangi zimerudi madukani, mitumba inamwagwa chini kama mpunga, na duka la ushirika limefungwa, hata vioo vya makabati yake vimeuzwa. Abdala muuza kahawa alikuwa na birika lake na jiko la mkaa miguuni. Sadala, waliyemwita Redio kwa sababu kila alichosema alidai amekisikia kwenye taarifa ya habari, alikalia ncha ya kulia. Ncha ya kushoto alikuwa Bushiri, Ustadhi Nusu, aliyetoka chuoni msahafu ukiwa umefika katikati. Hashimu mwenyewe walimwita Mtaalamu, na mpaka leo anaamini walikuwa wanamsifu.

Sasa, samaki yule hakuwa pambo. Hashimu alikuwa amepeleka posa kwa Mzee Saadi, anamtaka Nasma bintiye. Mzee hakukataa wala hakukubali. Alimuuliza mshenga swali moja tu: huyo kijana, tangu azaliwe, ametunza nini? Shule aliiacha darasa la tano. Ufundi baiskeli aliuacha na baiskeli ya watu ikiwa imefunguliwa. Kuku sita aliopewa na mama yake waliliwa na kicheche wote, kwa kuwa alisahau kufunga banda. "Anionyeshe kitu chenye roho kilichokaa mikononi mwake siku arobaini," alisema Mzee Saadi, "ndipo tuzungumze." Mwingine angenunua mbuzi akamfunga kamba. Hashimu alisema mbuzi kila mtu anaye. Akanunua vioo vya ushirika, akaunda kisanduku cha kufugia samaki.

Asubuhi hiyo ilikuwa siku ya thelathini na saba. Na perege alikuwa hali kitu.

—Tangu lini? aliuliza Abdala, akimimina.

—Siku ya tisa leo. Hashimu alisema hivyo huku akitazama barabarani. —Namtupia pumba, anaiangalia tu. Namtupia kumbikumbi, wazuri, wanono, anawapa mgongo. Amejibanza pembeni, mdomo kaufumba, na hapa chini ya taya pamevimba.

—Siku tisa, na leo ndiyo unatuambia?

—Ningewaambia nini? Mngecheka.

—Tungecheka, alikubali Sadala. —Wewe umetuchekesha toka siku ya kwanza. Ulipoziba vioo kwa lami, maji yakatoka yote usiku mmoja, mwenye nyumba akadhani choo kimepasuka.

—Lami ilikuwa ya majaribio. Nilipopata gundi ya Kariakoo, kimevuja tena?

—Hakijavuja, alisema Bushiri. —Lakini ukamtia na kambale.

Walikuwa wameanza perege kumi na wawili, wadogo kama kidole gumba, na kambale mmoja aliyemuonea huruma sokoni. Kambale alikula wanne siku ya kwanza na watatu siku ya pili, siku ya tatu akaliwa yeye, kwa nazi. Waliobaki watano, wanne waliuawa na ugali. Hashimu alikuwa akiwapakulia bonge zima, kwa ukarimu, maji yakachacha mpaka yakanuka kama togwa ya wiki mbili. Akabaki mmoja. Kwa huyo mmoja alijifunza. Mchanga aliuosha maji saba. Maji ya kisima aliyalaza kwenye pipa siku mbili kabla ya kuyamimina. Kila asubuhi alichukua pampu ya baiskeli, akatumbukiza mpira wake ndani, akamsukumia samaki hewa huku akimhesabia, moja, mbili, tatu, kama mwalimu wa mchakamchaka.

—Mimi nawaambia alichonacho, alisema Bushiri. Hakuwa na kikombe mkononi; alikuwa anafunga. —Mwezi huu ni mwezi gani? Si Mfungo Mosi? Watu wenye imani tunafunga sita. Na yeye kafunga sita.

—Siku ya tisa hii, Ustadhi. Sita zilikwisha siku tatu nyuma, alisema Hashimu.

—Pengine ana deni la Ramadhani.

—Samaki ana deni!

—Wewe unajua alikula nini huko mtoni mchana wa Ramadhani? Bushiri alikunja miguu benchini. —Kakumbuka. Katubu. Mwacheni.

—Basi na futari hali? aliuliza Abdala. —Maana magharibi nakuona wewe, Ustadhi, uji unakunywa kwa bakuli ya kunawia.

Walicheka, hata Bushiri. Hashimu alicheka kwa meno tu.

—Acheni mzaha, alisema Sadala. —Hiyo ni siasa. Nimesikia kwenye taarifa ya habari. Mashirika yote ya umma yanauzwa kwa watu binafsi, na wafanyakazi wanapunguzwa, au siyo? Sasa huyu perege, mtoni alikuwa mali ya umma. Anakula anapotaka, analala anapotaka, hana bosi. Umemchukua, umemtia kwenye kioo cha ushirika, umekuwa mwenye mali. Umembinafsisha, Mtaalamu. Kagoma.

—Kagoma?

—Mgomo baridi. Haongei, hali, kakaa pembeni. Anangoja uje mezani mzungumze masharti.

—Nimpe masharti gani?

—Muulize yeye! Labda anataka posho.

Abdala alitikisa kichwa. Ndiye mkubwa wao, na kwa kawaida maneno yake yalikuwa na akili, ila leo hata yeye moshi wa mkaa ulikuwa umempanda kichwani.

—Nyote hamna mnalolijua, alisema. —Mimi nimemtazama huyo samaki kila asubuhi nikiwasha jiko. Jua likipiga, kioo kinageuka kuwa cha kujitazamia. Anaona mwenziwe. Anamsogelea, naye anamsogelea. Anamfungulia mdomo, naye anafungua. Anadhani ana mke mle ndani. Sasa mtu mwenye mke mgeni ndani, atakula peke yake? Anamngoja mwenziwe aanze. Na mwenziwe anamngoja yeye.

—Watakufa kwa adabu! alisema Sadala.

—Ndiyo maana yake.

—Nikipake kioo matope, basi? aliuliza Hashimu, na wote watatu wakamtazama, kwa sababu sauti yake haikuwa ya mzaha. —Semeni nifanye nini, jamani. Zimebaki siku tatu. Akifa huyu, mimi sina cha kumwambia Mzee Saadi. Nasma ataozwa kwa yule mwenye mashine ya kukoboa, na mimi nitakaa hapa nanyi mpaka ndevu ziwe nyeupe.

—Kwani kukaa nasi kuna ubaya gani? aliuliza Abdala kwa upole, akamwongezea kahawa.

Hapo ndipo alipokuja yule mama. Alikuwa mtu mzima, khanga mbili, kikapu cha ukindu mkononi, anatembea kama aliyezoea kushuka kwenye mtumbwi. Walimsalimu kwa pamoja.

—Shikamoo, mama.

—Marahaba. Hapa ndipo kwa kijana wa samaki?

Hashimu aliruka kusimama. Mgeni! Mgeni kutoka mbali, amesikia sifa, amekuja kuona! Wasiwasi wote ukamtoka kama moshi.

—Ndipo, mama, na ndiye mimi! Karibu dirishani. Angalia: vioo vinne na cha chini cha tano, nimekata mwenyewe. Mchanga wa kuosha. Magugumaji yale mawili ni ya kivuli. Na yule pale ndiye jamaa yangu. Siku thelathini na saba leo, mama. Huyu huyu, hajabadilika. Mwezi mzima yuko peke yake, na mimi ndiye baba yake, ndiye mama yake.

Yule mama aliweka kikapu chini. Alisogea dirishani, akatazama. Alitazama muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kutazama, kisha akainama, akatazama kwa upande.

—Hali, eti? aliuliza.

—Siku ya tisa.

—Huyu ni dume au jike?

Hashimu akamtazama Sadala. Sadala akamtazama Bushiri. Bushiri akamtazama Abdala, na Abdala akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. Wote wanne walikuwa watu wa mashambani. Samaki walimfahamu akiwa amekwisha kaushwa, amekunjwa mkia mdomoni.

—Mnamzungumzia toka saa ngapi?

—Toka saa moja, mama, alisema Abdala.

—Na hapana aliyeuliza. Mama akacheka kidogo, tumboni. —Ni jike. Kwetu Mbuchi mtoto wa miaka minne angewaambia. Perege jike hubeba mayai mdomoni. Hawezi kula, akimeza atawameza wanawe. Huo uvimbe mnaouona ni watoto. Wakitoka, atakula mpaka mshangae.

Hashimu alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

—Hajafunga! alisema Sadala.

—Kafunga, alisema Bushiri. —Kafunga kwa ajili ya watoto. Mimi sikuwa mbali.

—Sasa nielewesheni mimi, alisema yule mama, akageuka. —Umesema yuko peke yake mwezi mzima. Dume liko wapi?

Lori la magogo lilipita kuelekea Dar, likawaachia vumbi, nalo likatua bila mtu kukohoa.

—Labda... yule wa kwenye kioo, alisema Abdala.

—Mzee, wewe mimina kahawa, alisema mama. Kisha akamgeukia Hashimu. —Mimi naitwa Mwanaamina. Saadi ni kaka yangu, tumbo moja. Ameniita nije kumtazama huyu samaki kabla ya arobaini, kwa kuwa yeye macho yake hayaoni vitu vidogo.

Hashimu aliachia nondo. Shangazi mtu! Shangazi mwenyewe, ambaye katika posa neno lake ndilo hukata shauri, naye Hashimu amekwisha kumwambia "huyu huyu, hajabadilika" kwa sauti ya mnada.

—Shikamoo, Shangazi, alisema tena, chini chini.

—Nimekwisha itika. Nijibu.

—Siye, Shangazi. Yule wa kwanza alikufa. Siku ya ishirini na nane.

—Mtaalamu! alisema Sadala, ameshika kifua. —Tumemwombea dua samaki asiyehusika!

—Nilimuua mwenyewe, Shangazi. Nilitaka vioo vimeremete, nikasugua kwa sabuni ya unga, sikusuuza vizuri. Asubuhi nikamkuta yuko juu. Huyu ana siku tisa kwangu.

—Siku tisa, hesabu inakubali, alisema Bi Mwanaamina. —Kaja na mayai yake mdomoni. Umempata wapi?

—Bondeni, Ruaruke. Nilishuka mwenyewe na wavu, nikarusha mara moja tu, nikamvuta...

—Hashimu.

Hashimu hakuwa amemwambia jina lake, lakini Shangazi alikuwa analijua.

—Jike la namna hii ukilitia wavuni linatema mayai yote, yanabaki majini. Huyu hakutema hata moja. Huyu alichotwa pamoja na maji yake, polepole, kwa chombo kipana, na mtu aliyesimama kwenye maji ya kiunoni muda mrefu bila kutikisika. Kazi hiyo hufundishwa. Mimi nimemfundisha mtu mmoja tu hapa Kibiti, alipokuwa anakuja Mbuchi kwangu kila akifunga shule.

Abdala aliacha kumimina. Hata Bushiri alishusha miguu chini.

Hashimu alikuwa na uongo tayari, mzuri, wenye mvuvi wa Ndundu ndani yake na kivuko kilichochelewa. Aliuonja ulimini. Kisha akatazama kule ndani, yule perege kajibanza pembeni na mdomo wake uliojaa, anapepea mapezi taratibu, hana haraka na mtu.

—Ni Nasma, alisema. —Alimleta kwenye sufuria, amefunika khanga. Aliniambia nisiseme.

Bi Mwanaamina alikaa benchini, kati ya Sadala na Bushiri, nao wakampisha haraka. Alipokea kikombe alichopewa na Abdala lakini hakunywa.

—Nasma namjua, alisema. —Si msichana wa kuingia matopeni kwa sababu ya maneno ya kijana, na maneno wewe unayo ya kuuza. Ulimwambia nini hata akaenda?

Wote watatu walimtazama Hashimu, maana hilo nao walitaka kulijua siku nyingi. Mtaalamu aliyekuwa na jibu la kila kitu alifuta vidole vyake kwenye suruali, kimoja kimoja.

—Sikumwambia kitu, Shangazi. Alipita hapo dirishani, akachungulia. Nilikuwa nimekaa sakafuni, samaki wangu aliyekufa nimemlaza kiganjani, nalia.