Baraza la Bi Zuhura na Kifua Changu

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe, kuanzia nyinyi wa mbele mpaka mliosimama mlangoni! Mimi ni yule yule muuza kahawa wa Kiembe Samaki. Shule sikufika mbali, nitasema kama nijuavyo.

Mwenzenu nna pumu. Sigara sijavuta hata siku moja, lakini moshi nimeula miaka! Kila alasiri nashuka Mji Mkongwe na dele langu la kahawa na kashata. Kashata anapika mke wangu, za nazi, ukionja moja huondoki. Natua kwenye baraza la nyumba ya Bi Zuhura, wateja wanapiga dhumna, na kila mmoja sigara mkononi. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi! Daktari kanambia, acha kazi hii, itakuua. Nami sina nyingine. Nikaomba kwa machozi. Wateja sikuwaambia, nliogopa watanihama.

Ikaingia Ramadhani. Mchana kahawa hainywewi, lakini nlikwenda kukaa nao, nshawazoea. Ndugu zangu, kifua kikatulia tuli! Nikasimama hapa hapa kanisani nikatangaza nimeponywa. Mkashangilia, ngoma nusura ipasuke.

Idi ikapita, nikarudi na dele. Sigara ya kwanza tu, pumzi ikakata, nikaanguka na vikombe vyangu. Waliponiinua, ndipo nikawaeleza yote.

Pakazuka mabishano! Mmoja akasema, "Hapa ni nje, bwana! Hewa ya Mungu utaitia kufuli?"

Bi Zuhura akamjibu kutoka dirishani juu, "Ya Mungu ndiyo, wachafuzi nyinyi! Kanga zangu zanuka kama jiko la kuni!"

Mzee Haji ndiye mvutaji kuwashinda wote. Mwisho akasema, "Jamani, mwezi mzima tumejizuia mchana kwa ajili ya Mungu. Leo jirani yetu anakata roho, tushindwe alasiri moja?" Akainuka, akenda kuvutia mwisho wa uchochoro, kwenye jaa, peke yake na mapaka.

Wakamcheka, "Mzee, kakufukuza Mkristo!"

"Kanifukuza muuza kahawa," akajibu, "na kikombe changu nikikute moto!"

Tangu hapo barazani havuti mtu. Akija mgeni na sigara, wao wenyewe humwelekeza kwa adabu, "Shekhe, pale mwisho." Hakuna askari, hakuna faini. Nawavulia kofia watu wale! Tena hakuna hata mmoja aliyenihama.

Basi ndugu zangu, lile tangazo langu la Ramadhani nliliwahisha. Uponyaji ulikuwa njiani, umebebwa na watu ambao sikuthubutu kuwaambia shida yangu. Wewe uliyebanwa leo, mtumaini Mungu, piga magoti. Ukishainuka, nenda kamwambie jirani yako panapokuuma. Pengine Mungu kashamweka tayari, anangoja wewe useme tu.

Amina!