Dada Yangu, Mwoga Mwenye Kamera

Nakala hii ya wasifu wa marehemu ni ya ndugu ambao hawakuweza kufika mazishini. Nimeiandika kama nilivyoisoma, pamoja na niliyoongeza papo hapo na aibu yake, kwa sababu jeneza la dada yangu lilipoingia ukumbini, mimi msemaji wa familia, niliyezoea kusherehesha harusi tangu nilipoacha upishi wa melini, nilishika kipaza sauti nikasema kwa bashasha zote, "Tusimame tumpokee kwa makofi na vigelegele!" Watu wawili watatu wakapiga. Shangazi akanitazama kwa jicho ambalo nitalikumbuka hata siku nitakayobebwa mimi, akasema bila kushusha sauti, "Toa karatasi usome, mpuuzi wewe." Nikatoa, nikasoma hivi.

Ndugu waombolezaji, majirani wa pande zote mbili za barabara, naomba radhi kwa yaliyonitoka, na naomba radhi mapema kwa kutazama mlango kila nikimaliza sentensi, sababu yake mtaielewa mbele ya safari.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyo jirani na saluni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi viatu na mama mshonaji, upande wetu sisi weusi, wakati upande wa pili, upande wa bucha, wakikaa weupe, na katikati barabara nyembamba ambayo magari mawili yakipishana lazima moja lipande ukingoni, lakini mama alitukanya kuivuka kana kwamba ina kina.

Dada yangu alikuwa mwoga, nalisema hili kwa heshima zote, aliogopa mbwa, aliogopa lifti, aliogopa simu ikilia kabla hajajua ni nani, na alikuwa na haki yake, maana akiwa darasa la nne vijana wa ng'ambo walimrushia chupa, akarudi nyumbani na kovu juu ya nyusi na tusi jipya ambalo aliuliza maana yake tukiwa mezani, baba akalirudisha tonge sahanini.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana hadi 1980, kisha chuo kikuu, ambako mwaka 1985 alihitimu shahada ya elimu ya watu na maisha yao, shahada ambayo baba aliieleza kwa wateja wake kuwa ni ya umbeya, ila wa kulipwa. Januari 1986 aliajiriwa makumbusho kupiga filamu za vyungu, ngoma na vikapu, na huko ndiko alikogundua kwamba akiwa nyuma ya kamera anaweza kukitazama chochote. Tarehe 12 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa sauti wa hapo hapo makumbusho, mtu wa maneno machache na masikio makubwa, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1993, huyu aliyekaa mbele yenu.

Mwaka 1998 aliacha kazi. Nilimpigia simu kutoka bandari fulani kumuuliza kama amerukwa na akili, akanijibu, "Mdogo wangu, vyungu havinijibu." Akapanga chumba juu ya gereji, akabandika tangazo pande zote mbili za barabara, akawaita vijana. Hakuwapa maneno ya kukariri, aliwaambia waigize maisha yao wenyewe papo kwa papo, jana kwa mwenye duka ilikuwaje, juzi kwenye basi ilikuwaje, na wakishazoeana aliwabadilisha, mweupe aigize siku ya mweusi na mweusi aigize siku ya mweupe, kisha wakae chini wabishane. Walibishana, wengine walilia, wengine walioana, nami nimesherehesha harusi mbili kati ya hizo, moja nikakosea jina la bibi harusi.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja katika filamu zake zote kumi na moja, kwamba aliyemo kwenye picha ndiye mwenye picha, na uso wa mtu hauonyeshwi mpaka mwenyewe aulizwe, hata akiwa adui.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa mtu mwingine anisomee.

Tarehe 9 Juni 2021 alikuwa akipiga filamu ya kumi na mbili. Kijana wa upande wa bucha, tunayemwita Mluzi, alivaa koti jekundu la rafiki yake mweusi, kofia ya koti ameivuta mpaka puani, glavu mikononi, na kipaza sauti kidogo kimebanwa kifuani, aigize siku ambayo rafiki yake alisingiziwa kuiba soda. Rafiki mwenyewe ndiye aliyemwigiza mwenye duka, na siku ile ya soda aliikumbuka vizuri kupita kiasi, akapiga ukelele wa "Mwizi!" ambao haukuwa wa kuigiza hata kidogo. Mluzi alitakiwa kukimbia mpaka kwenye kona tu. Barabara haikujua kama ni filamu. Milango ikafunguka, watu wakatoka na walichokuwa nacho mkononi, na mwenye bucha alikuwa na shoka la kukatia mifupa.

Ni baba yake Mluzi.

Alimkimbiza mwanawe bila kumjua, akiona koti, akiona kofia, akiona alichozoea kuona, na watu nyuma yake wakipaza sauti. Dada yangu, aliyeogopa lifti, alimtupia shemeji kamera akakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye viatu vya kuchomeka, akawafikia mlangoni mwa saluni na kusimama katikati. Shoka lilipita karibu na sikio lake likazama mlangoni, alama ipo mpaka leo, ingizeni vidole mkipita. Kofia ya koti ikaanguka, uso wa Mluzi ukaonekana. Shemeji, ambaye kazi yake si picha, alikuwa amepiga picha za miguu na mawingu tu, lakini wakati huo akanyanyua kamera, na uso wa mwenye bucha ukaingia mzima.

Sauti ndiyo haina kasoro. Nimeisikiliza mara moja, sitarudia. Mnasikia pumzi za kijana, na mnamsikia akisema njia nzima, "Baba, ni mimi! Baba!"

Mluzi alihamia kwa bibi yake. Mwenye bucha akatuma salamu kwamba atakayeuweka uso wake ukutani akumbuke kuwa ndoano zake hazichagui nyama. Tangu hapo tukawa watu wa kuzima taa mapema, simu ikilia tunatazamana. Dada alikwenda buchani zaidi ya mara moja kumuuliza kwa sharti lile lile, akasimama foleni kama mteja, akarudi na maini asiyoyataka na bila jibu. Moyo wake ulianza kumsumbua Agosti 2022, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na tarehe 18 Februari 2023, asubuhi, akatutoka, akiwa ameshika mkono wa binti yake na kuulalamikia mwanga wa wodi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akiwapangia mahali pa kusimama, majirani mlioleta viti, wenzake wa makumbusho, na vijana wa juu ya gereji, ambao wengine sasa mna vipara. Lala, dada, umeogopa vya kutosha, pumzika kwa amani na utuachie sisi zamu.

Imebaki moja. Wosia wake ni kwamba filamu hii ionyeshwe leo, hapa, tukitoka makaburini, ikiwa mwenye bucha atakubali, na akikataa ifutwe isibaki hata nakala, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuuliza. Nimekimbia matatizo katika bandari za mabara matatu, na wiki hii nimekimbia bucha moja. Mzee wa bucha, nimekuona ulipoingia, umesimama pale mlangoni. Nakuuliza mbele za watu kwa sababu tukiwa wawili nitakimbia tena. Tuonyeshe, au tufute?

Karatasi yangu iliishia hapo. Ukumbi mzima uligeuka. Vijana wa juu ya gereji walisogeleana, binti wa marehemu akamshika baba yake mkono, nami nikahesabu hatua kati yangu na mlango wa jikoni. Mwenye bucha alivua kofia. Alitazama jeneza, akamtazama Mluzi aliyekaa na bibi yake safu ya tatu, ambaye hakuinua kichwa, kisha akamgeukia shemeji, fundi wa sauti.

"Onyesha," akasema. "Na sauti usiipunguze."