Kiti Kilichovuka Korido

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mtu aliyeitwa Kesho na kila aliyemjua, kwa sababu ya swali lake moja: "Kesho utafanya nini?" Kesho ametutoka juma lililopita. Alikuwa kocha wa maisha. Hakuwa tabibu. Shikeni hilo, tutalirudia.

Zamani alifundisha michezo shuleni. Alipostaafu alikodi chumba ghorofani, juu ya fundi viatu, harufu ya gundi ikipanda mpaka kwenye mapazia. Alijua kuhimiza, jamani! Hata paka wa jengo aliacha kulala mchana, akaanza kutafuta kazi. Msibishe. Nilimwona mwenyewe, kavaa tai.

Ng'ambo ya korido alikuwapo dada yake mdogo, mtaalamu wa saikolojia, anayetibu afya ya akili. Milango ikitazamana. Nami, mdomo wangu haujui kutulia, nikauliza: nyote mnaongea na watu, tofauti iko wapi?

Kesho akanijibu, "Wangu anajua anakotaka kwenda, ila anazungukazunguka. Namsukuma kidogo. Wa dada ana kidonda ndani. Huyo ukimsukuma, unamuumiza."

Dada akadakia toka mlangoni kwake, "Usimwamini! Kaka huyu hata ukuta angeusukuma."

Na kweli, siku moja alisukuma pasipofaa.

Alikuja msusi aliyetaka kufungua saluni yake. Kesho akampa kazi: tafuta chumba. Hakutafuta. Akampa nyepesi zaidi: mpigie simu mwenye nyumba. Hakupiga. Kocha akapuliza filimbi, ndiyo, bado alikuwa nayo shingoni.

"Mama, unazembea! Kesho utafanya nini?"

Msusi akaitazama mikono yake. "Kesho gani, kocha? Siku hizi nikiamka, natamani nisingeamka."

Kesho akavua filimbi, akaitia mfukoni.

"Nisamehe, mama. Nimekosea. Huu si uzembe, ni maumivu, na yana mtaalamu wake. Mimi sitibu. Twende, nakusindikiza."

Msusi akashikilia kiti. "Hiki nimekizoea."

Basi Kesho akakibeba kiti kichwani, akavuka korido, msusi nyuma yake.

"Kaka, unahama?" dada akauliza.

"Sihami. Nakuletea mgeni. Amekuja na kiti chake."

Kiti kikabaki huko. Binti wa Kesho ananiambia, "Baba alikalia ndoo miezi mizima. Nikamwambia tununue kingine. Akasema, 'Acha, mwanangu. Hicho kikirudi, nitajua.'"

Asubuhi moja wakasikia kitu kinakwaruza sakafu ya korido. Msusi anakiburuta kiti mwenyewe, jasho linamtoka, hataki kusaidiwa. Akakiweka mahali pake. Akaketi.

"Haya, kocha. Niulize."

Kesho akauliza swali lake.

"Kesho," akajibu msusi, "nampigia mwenye nyumba."

Kwako dada, kwako binti, poleni sana. Tumeondokewa pamoja nanyi.

Nawe unayenisikiliza, jiulize swali lake. Kama jibu lipo ila miguu mizito, kocha atakufaa. Kama kesho yenyewe huioni, usingoje kusukumwa. Mwambie mtu leo hii, akufikishe kwa anayetibu.

Jana nilipita pale. Chumba cha Kesho kimefungwa. Dada amekitoa kile kiti, amekiweka koridoni, katikati ya milango miwili. Paka amekikalia. Tai hana, anaomboleza.