Mzee Kasoko na Jiwe la Ukingoni

Ndugu waombolezaji, baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kasoko, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba hii hii ya mawe tulimokusanyika leo, chini ya mlima, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa babu yetu mchonga mawe, akimfuata kaka yake, ambaye sisi watoto tunamwita Baba Mkubwa.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1966, na hapo masomo yakaishia, ila alipenda kusema kwamba shule yake ya pili ilikuwa mlimani na haikuwa na likizo.

Mwaka 1968 alianza kazi ya kubebea wapandaji mizigo, na mwaka 1974 akawa kiongozi wao, na wenzake ndio waliombandika jina la Kasoko, yaani lile shimo kubwa la kileleni, kwa sababu ya pengo la meno yake ya mbele, naye akalipokea kwa kicheko kilichozidi kulionyesha.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, wakaishi mjini, katika vyumba viwili nyuma ya duka lake la kushonea, na Mungu akawajalia watoto wanne, na kila mmoja wetu, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, alifundishwa mezani kwamba jiwe lenye vitundu kama mkate lilitoka ardhini likichemka, na kwamba moto wa mlima wetu ulizimika zamani mno.

Mwezi Agosti 1988 mtaalamu wa miamba alimwajiri kuokota mawe katika mlima wetu na katika mlima mdogo wa ng'ambo ya bonde, kila jiwe likifungwa kitambaa chenye namba, na siku ya kushuka mvua ililowesha gunia, vitambaa vikachomoka, na baba, kwa kuona haya kukiri, akavifunga upya kwa kukisia. Jiwe changa la ng'ambo likapata namba ya ukingo wa kasoko yetu, na miaka miwili baadaye ripoti ikasema mlima haukufa, umelala tu. Baba Mkubwa, aliyekuwa akiishi humu, aliposomewa ripoti hiyo alifunga mlango, mwaka 1991, akahamisha familia yake mbali, na baba akamsaidia kupakia vitanda bila kumwambia habari ya vitambaa.

Mwaka 2016 madaktari waligundua kwamba mapafu yake yanakakamaa, wakamkataza kupanda hata ngazi, na ndipo alipomwandikia mtaalamu yule, akaungama yote. Jibu lilikuwa fupi: "Mzee Kasoko, mawe yale yalikwishatupwa, lakini ukingo bado upo." Lakini baba hakumwambia kaka yake kitu bado, maana hakutaka kumrudisha nyumbani kwa kukisia tena.

Tarehe 9 Februari 2018, baada ya kusali, alianza kupanda akiwa nami, binti yake wa pili, hatua kumi na kupumzika, hatua kumi na kupumzika, siku nne kwa njia ya siku mbili, hata nikamtania kwamba kwa mwendo huu mlima utawaka kabla hatujafika, akanijibu huku anatweta, "Subiri nifike niuulize." Ukingoni aligonga jiwe mwenyewe kwa nyundo, akaandika namba kwa rangi juu ya jiwe lenyewe, akangoja ikauke, akaisoma kwa sauti mara tatu.

Barua ya mtaalamu, tuliyempelekea jiwe hilo, ilimkuta baba hospitalini tarehe 22 Agosti, ikisema jiwe lina zaidi ya miaka milioni mbili, na mlima umekufa kweli. Akaomba simu, akamweleza Baba Mkubwa kila kitu, kuanzia gunia lililolowa. Baba Mkubwa akasema, "Wewe mdogo wangu wewe! Miaka ishirini na saba nimelala kwenye nyumba ya bati kwa ajili ya kitambaa?" Halafu akauliza kama bawaba za mlango bado zinashika.

Baba alifariki tarehe 30 Agosti 2018, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na viongozi wa wapandaji waliolibeba jeneza kwa mwendo wake yeye, polepole. Mlango mlioingilia leo, aliyeufungua ni Baba Mkubwa, na vitanda vyake vimo ndani.

Baba, kaka yako amerudi nyumbani. Pumzika kwa amani.